Mwalimu, Si Tulinunua?

Watu wa Ukambani wakishakuita Mwalimu, basi. Hata ukigeuka mchungaji au muuza makaa, utazikwa ukiwa Mwalimu. Mimi niliacha kufundisha muziki nikaanza kutengeneza tovuti, na mpaka leo sijapata mteja wa kuniita fundi. Fundi hulipwa. Mwalimu huombwa asaidie.

Nilikuwa mwalimu wa BOM, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, si na serikali. Mshahara wangu ulingoja karo ya wazazi, na karo ya wazazi iliingoja mvua ya Kitui. Mvua ya Kitui unaijua. Isitoshe, muziki kwenye mtihani wa KCSE ni somo nambari 511, ambalo shule nyingi hulisikia kama uvumi. Mkuu wa shule hulikumbuka Tamasha la Muziki linapokaribia. Hapo ghafla wewe ndiwe mboni ya jicho lake. Kombe likishafika ofisini, unarudishwa kusimamia foleni ya githeri.

Nikasema liwalo na liwe, naenda kwenye kompyuta. Kwani serikali haikutuita yenyewe? Januari 2013 Rais Kibaki alifika pale Malili, Makueni, akazindua jiji la teknolojia la Konza kwenye ekari 5,000. Nabii wetu wa kale, Syokimau, alitabiri reli. La Konza hakulitaja, lakini mimi niliamini.

Kazi yenyewe naipenda. Balaa ni wateja. Kwenye tamasha, mwamuzi hukupa alama kisha akaeleza alikokukata: matamshi, upatanifu wa sauti, mwendo. Huku kila mtu ni mwamuzi na hakuna anayetoa sababu.

“Mwalimu, haijachangamka.”

Haijachangamka vipi?

“Weka vitu virukeruke.”

Na usithubutu kumwambia mtu kwamba domeni hulipiwa kila mwaka. Kuna shule moja huko Makueni niliyoisajilia anwani yake inayoishia na sc.ke, ikawa ni shangwe na picha ya mkuu wa shule ukurasa mzima. Mwaka ulipokwisha nikapiga simu kukumbusha. Mhasibu alinyamaza, kisha akaniuliza kwa ule upole wa mtu anayezungumza na mwizi: “Mwalimu, si tulinunua?” Nikamweleza kwamba ni sawa na leseni ya duka. Akanijibu kwamba shule si duka.

Sasa mkuu wa shule hiyo hiyo ana jipya: anataka wimbo wa shule uanze kujiimba mara tu mtu anapofungua ukurasa. Nikamwambia wageni watatoroka, maana bando ni ghali na hakuna anayetaka kwaya imlipukie mfukoni akiwa ndani ya matatu. Hakunisikia. Akanitumia rekodi. Sauti ya pili imeshuka nusu toni tangu ubeti wa kwanza, na besi wanaimba wimbo mwingine kabisa. Nikajibu kwa heshima zote kwamba hiyo haiwezi kwenda hewani.

“Ndiyo maana tuko na wewe, Mwalimu,” akasema.

Kwa hiyo Jumamosi napanda gari la Kibwezi, nipite Mutomo na Ikutha, nivuke Athi, nikawapange watoto wa watu kwa sauti zao nne. Ankara ya tovuti bado imelala mezani kwa mhasibu. Nauli nimeahidiwa nitarudishiwa. Mazoezi hayana malipo, kwa sababu, nimeelezwa, hiyo ni kuimba tu.