Barua ya Wazi kwa Wapima Tija

Kwa Makamishna,
Tume ya Mishahara na Marupurupu,
Nairobi.

MINTARAFU: MISHAHARA YA WAKUTUBI

Waheshimiwa,

Poleni na kazi. Si mzaha kuilinda Hazina isiliwe na watu wanaopanga vitabu rafuni.

Mimi si mkutubi. Ni msomaji tu wa maktaba ya umma, wale wa gazeti la bure na kuchaji simu. Lakini nawasikia wakutubi wakinong'onezana habari za mshahara (kupiga kelele hawajui, ndiyo maana madai yao hayafiki mbali), nami nimeona niwatetee ninyi.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 41, inakipa kila chama cha wafanyakazi haki ya kujadiliana na mwajiri. Vyema. Wajadiliane, wanywe chai, watie sahihi. Halafu kije Kifungu cha 230, kinachowapa ninyi kazi ya kuzishauri serikali, ya kitaifa na za kaunti, kuhusu malipo ya watumishi wa umma. Ushauri wenu ni wa mama mkwe: jina lake ushauri, ila ole wake asiyeufuata.

Hata hivyo, wakutubi wangesoma Jedwali la Nne wangetulia. Maktaba zimekabidhiwa kaunti katika orodha hii: kamari na kasino, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, ukodishaji wa video, kisha maktaba. Waliotangulia kwenye foleni hiyo wote wanaleta ushuru. Mkutubi analeta nini? Watoto ambao kwao hakuna meza ya kusomea.

Ninapowahurumia hasa ni kwenye tija, kwa kuwa Katiba inawataka muizingatie. Ya mkutubi mtaipimaje? Kwa vitabu vilivyoazimwa? Basi mwanafunzi anayeshinda humo akisoma bila kuazima kitu ni hasara. Kwa idadi ya wanaoingia? Wengine tunafuata soketi. Kwa ukimya? Hapo hakuna maktaba itakayoishinda iliyofungwa, tena hiyo haidai marupurupu. Tafadhali wazo hili lisifike Wizara ya Fedha.

Kuna njia ya Garissa. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Ngamia hana chama, hatii sahihi mkataba, na posho ya mazingira magumu hajawahi kuisikia. Kasoro yake ni kwamba akiulizwa kamusi hatoi, kwa hiyo lazima afuatane na mkutubi. Huyo mnaweza kumwondoa kwa awamu.

Ombi langu ni dogo. Mapendekezo ya mishahara yakifika mezani kwenu, yagongeni muhuri wa tarehe ya kurudisha, kama vitabu tunavyoazima. Mkipitisha siku, mtatozwa faini ile ile tunayotozwa sisi. Ni shilingi chache tu, na risiti mtapewa.

Wenu mtiifu,
Msomaji