Jinsi ya Kupata Takwimu Uzitakazo

Unataka kufanya utafiti na jibu tayari unalo? Hongera, kazi kubwa imekwisha. Kilichobaki ni kuwapata wa kukubaliana nawe.

Mwalimu wa takwimu atakushauri uandae orodha ya watu wote, kisha uchague kwa bahati nasibu ili kila mmoja awe na nafasi inayojulikana ya kuhojiwa. Usithubutu. Bahati nasibu haina adabu: inaweza kukupeleka kwa bibi mmoja kule barabara inakoishia, naye akakwambia asichotaka kusikia bosi wako. Simama stendi uhoji wanaopita, au tupia dodoso kwenye kundi la WhatsApp. Waliopo shambani watasikia matokeo redioni.

Wakikulalamikia, ongeza idadi. Hapo una mwalimu mkubwa: jarida la Marekani, Literary Digest, lililokuwa limepatia chaguzi tano za urais mfululizo. Mwaka 1936 lilituma karatasi za maoni kama milioni 10, majina mengi yakitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Uchumi ulikuwa umeanguka; asiye na simu wala gari hakusumbuliwa. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na walionyamaza wakachukuliwa kama vile hawapo. Jarida likatangaza kwamba mgombea Alf Landon angepata takriban asilimia 57 ya kura. Mpinzani wake, Franklin Roosevelt, akabeba majimbo 46 kati ya 48, Landon akaambulia Maine na Vermont. Mtafiti wa maoni George Gallup, aliyetumia watu kama 50,000 tu, alikuwa amemtaja mshindi. Jarida lilifungwa mwaka 1938, lakini wewe huna jarida, kwa hiyo huna cha kupoteza.

Ukimaliza, andika chini ya jedwali: "kosa la makadirio ni asilimia 3, juu au chini." Inapendeza. Ni kweli watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa takriban kiasi hicho, iwe ni wilaya ya watu 300,000 au nchi ya watu milioni 60. Hesabu hiyo hupima bahati peke yake. Haijui kwamba wahojiwa wako wote ni shemeji zako. Usiikumbushe.

Msomaji akiuliza uliwapataje, mtajie walikuwa wangapi. Akirudia swali, mwombe ripoti ijayo aiandike yeye.