Kitufe cha O/D na Maprofesa wa Steji

Ukitaka ushauri wa bure mjini Kisii, usiende kwa wakili wala kwa mchungaji. Nunua gari la otomatiki, lipaki mahali penye watu, kisha uache ile taa ndogo ya rangi ya chungwa iwake kwenye dashibodi. Hata hujazima injini, kijana wa bodaboda ameshachungulia dirishani, ametikisa kichwa na kusema, "Mwalimu, hiyo ovadraivu itakumalizia mafuta."

Mwenzake atampinga papo hapo: bila ovadraivu gari halipandi mlima. Muuza mahindi choma naye hakosi neno. Atakwambia ovadraivu ni ya safari ya Nairobi, huku kwetu haina kazi. Hakuna hata mmoja wao mwenye gari. Huyo wa mahindi hana hata baiskeli. Lakini wote wanatoa hukumu zisizokatiwa rufaa.

Sikatai ushauri. Ninachokataa ni kufundishwa gari langu na watu wanaoliona kwa nje. Najua lawama si yao peke yao. Kenya inaruhusu magari yaliyotumika kuingia nchini mradi yasizidi miaka 8, kwa hiyo wengi wetu tunaendesha magari yaliyolelewa Japani yakaja kuzeekea kwetu. Kitabu cha maelezo, kama kipo, ni cha Kijapani. Sauti ya mwanamke aliye ndani ya redio hunisemesha Kijapani kila ninapowasha gari, na kwa jinsi anavyorudiarudia, nadhani kuna jambo ananidai. Basi kazi ya kitabu ikachukuliwa na steji. Steji ikishachukua kazi, haiirudishi.

Sasa na mimi niseme langu, maana nimekisoma kitufe hiki cha ovadraivu, yaani O/D, kuliko Kidato cha Tatu walivyosoma kitabu cha fasihi.

Ovadraivu si turbo, wala si akiba ya nguvu iliyofichwa ndani ya gari mpaka siku ya shida. Ni gia ya juu kabisa, basi. Chukua Probox za mwanzo, zile zilizoanza kuundwa mwaka 2002, zenye giaboksi ya otomatiki ya gia 4. Katika gia ya 3, injini ikizunguka mara moja, shafti inayotoka kwenye giaboksi nayo huzunguka mara moja. Katika gia ya 4, injini huzunguka mara 0.7 tu na shafti inatimiza mzunguko wake ule ule. Hiyo ya 4 ndiyo ovadraivu. Kama injini ilikuwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya 3, kwa mwendo huo huo gia ya 4 itaishusha hadi 2,100 hivi. Kelele inapungua, mafuta yanadumu. Kinachopungua pia ni nguvu ya kuvuta. Mama aliyetoka soko la Daraja Mbili na mkungu wa ndizi kichwani hupiga hatua ndefu penye tambarare, lakini mlima ukianza, hatua zake huwa fupi na nyingi. Hakuna anayesimama kando ya barabara kumfundisha. Angalau sijawahi kumwona mtu huyo akirudi salama.

Kwa hiyo kwa safari za kila siku ovadraivu iachwe ikifanya kazi. Gari lenyewe linajua kupanda na kushuka gia. Ndiyo maana likaitwa otomatiki na ndiyo maana ninalilipia mkopo wa SACCO kila mwezi.

Balaa lote lilianzia kwenye taa. Waundaji waliamua kwamba ovadraivu ikiwa kazini taa ilale, na ukiizima taa iamke ikiandika O/D OFF. Sasa mtu wa Nyamira, ambaye maisha yake yote taa ikiwaka maana yake stima zimerudi, utamwambia nini akuelewe kwamba hii ikiwaka kuna kitu kimezimwa? Anabonyeza kitufe akiwa mlimani, taa inawaka, gari linavuta vizuri, naye anatangaza kwa furaha, "Nimetia ovadraivu!" Ameitoa. Gari limerudi gia ya 3, ndiyo sababu linavuta. Tendo lake sawa, mahubiri yake potovu, na waumini wanaongezeka kila siku ya soko.

Wapo pia wanaogombana nami kuhusu ovadraivu ndani ya mji. Jamani, kutoka Daraja Mbili hadi raundabauti ya Capital, saa ambayo mikokoteni, bodaboda na malori ya ndizi vinapigania njia moja, ni gia gani ya 4 mnayoizungumzia? Gari la namna hii haliingii gia hiyo mpaka mwendo ukaribie kilomita 50 kwa saa. Mjini Kisii mwendo huo wanao wanaokimbia mvua ya alasiri. Ukiwa kwenye foleni, kitufe kikiwa ndani au nje, hakuna tofauti yoyote. Ni hivyo hivyo ukiwa nyuma ya lori la majani chai linalojikokota kuelekea kiwandani Kebirigo. Tulia, soma maandishi yaliyo nyuma ya lori.

Juzi gari langu lilikuwa kwa fundi, nikapanda Probox ya kwenda Nyamira. Kiti cha nyuma tulibanana tukawa kitu kimoja. Kule buti walikaa watu wakitazama tulikotoka, na kuku mmoja aliyefungwa miguu ambaye ndiye pekee aliyekuwa na nafasi ya kutosha. Dereva aligawana kiti chake na mama mmoja mwenye kikapu, nusu kwa nusu, kama kawaida ya njia hii. Goti la mama lilikuwa limeegemea kirungu cha gia. Kila kona ya kulia goti linabonyeza kitufe, taa ya O/D OFF inawaka. Kona nyingine goti linabonyeza tena, taa inazima.

"Mama, inua goti kidogo," dereva akaomba.

"Wewe endesha, mwanangu. Mimi nashuka hapo mbele."

Tukapanda mlima na mzigo ule, giaboksi ikitapatapa: gia ya 3, gia ya 4, tena ya 3, na kila ikibadilisha vichwa vyetu vyote vinaitikia amina. Hapo ndipo mahali halisi pa kuizima ovadraivu. Gari likiwa limebeba mzigo mzito kwenye mlima mrefu na gia haziamui zikae wapi, bonyeza kitufe likae kwenye ya 3, usije ukachemsha oili ya giaboksi bure. Nililitaja jambo hilo kwa upole. Dereva akanitazama kwenye kioo na kusema, "Mwalimu, hii gari nimeiendesha tangu haijazeeka." Nikanyamaza. Sheria za barabarani za waziri Michuki zilipoanza Februari 2004, matatu zilitakiwa kubeba abiria kulingana na viti na kila abiria afunge mkanda. Mkanda wangu ulikuwa mkono wa jirani.

Nyumbani nako sina amani. Mjomba wangu alikuwa dereva wa Peugeot 504 za abiria, zile za gia pembeni mwa usukani, na kwake gari la otomatiki ni la mgonjwa anayepelekwa hospitali. Nikimweleza habari za ovadraivu ananikata: "Mpwa wangu, 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975. Ilikuwa na kitufe?" Haikuwa nacho, mjomba. "Basi." Ukijaribu kuongeza neno, anaomba chai.

Lakini wote hao nawasamehe. Nisiowasamehe ni watu wa frii. Tangu bei ya petroli ifike shilingi 217 kwa lita jijini Nairobi, Oktoba 2023, kila EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, ikitangaza bei tarehe 14 ya mwezi huzaliwa mtaalamu mpya wa kubana mafuta. Huyu, akitoka Keroka akiteremkia Kisii kupitia Keumbu, anatia gia frii na kuliachilia gari liserereke, eti injini haili kitu. Inakula. Injini hizi za kisasa, ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia, hukata petroli kabisa kwa muda, maana magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia frii, inabidi inywe mafuta ili isizime. Yaani umepoteza mafuta, umepoteza injini iliyokuwa inakusaidia kulizuia gari, na umeachiwa breki peke yake. Harufu ile ya kuungua anayoisikia akifika chini anadhani ni ya shamba la mtu.

Mteremko ndio mahali pa pili pa kile kitufe. Ukianza kushuka, izime ovadraivu, gari lishikwe na gia ya 3. Pakiwa pakali zaidi, weka 2. Mguu unapumzika, breki zinabaki baridi, na lori la ndizi lililo mbele yako linabaki mbele yako.

Fundi niliyempelekea gari juzi alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe, akauliza, "Kwa hivyo taa ndiyo inakusumbua? Nitoe balbu?" Nilichukua ufunguo wangu. Usicheke, msomaji. Kabla hujanunua gari kuukuu, washa swichi bila kuamsha injini uhesabu taa za dashibodi. Balbu iliyotolewa ni ugonjwa uliofichwa.

Basi kwa ufupi, kwa wenye gia 4 na kitufe kando ya kirungu: siku zote iache ovadraivu ikiwa kazini, taa ikiwa imelala. Izime unapopanda mlima mrefu na mzigo, au unaposhuka mteremko mrefu, kisha irudishe njia ikinyooka. Taa ikipepesa yenyewe bila kubonyezwa na goti la mtu yeyote, giaboksi inalia. Tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Na kama gari lako ni jipya zaidi, la CVT, huenda huna kitufe hicho kabisa. Una S, B au L, na kazi ya kushuka mlima ni ya hizo.

Ukiwa bado na shaka, muulize yule anayelipia mafuta, si yule anayelisindikiza gari kwa macho.