Nafasi Tupu Si Sufuri

Hapana, Papa, usisonye mapema. Mwalimu wa chuo kikuu anayewaza data ni kitu gani, anayecheza michezo ya kujivika nafsi ya mtu mwingine, na anayekesha akipanga herufi za kitabu kwenye kompyuta, wewe unamwona ni mtu aliyekosa shamba la kulima. Nimekusikia. Lakini hapa kwetu mashariki mwa Kongo, kati ya Butembo na Beni, mambo hayo matatu yalikutana siku moja, Jumapili tarehe 30 Desemba 2018, na kila aliyekuwa na kadi ya kupigia kura mfukoni anajua yalimuuma wapi.

Mfyuu! Siku ya pili ya Noeli, CENI, tume ya uchaguzi, ilitangaza kwamba uchaguzi wa Beni na Butembo, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe, umesogezwa hadi Machi 2019. Kwetu walitaja Ebola na usalama mbovu. Wakati huohuo rais mpya alitakiwa aapishwe Januari. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaifanya: watatupa karatasi ya kura wakati kiti kimeshakaliwa. Wapiga kura zaidi ya milioni 1.2 walifutwa kwa tangazo moja. Na soko lilikuwa wazi. Kanisa lilikuwa wazi. Mapema mwezi uleule Martin Fayulu, mgombea urais wa upinzani, alikuwa amekuja kwenye kampeni huku, na umati ulijaa barabara, hakuna aliyesema mikutano isimame kwa sababu ya Ebola.

Kesho yake Beni ikawaka. Waandamanaji walivamia kituo cha kupokelea washukiwa wa Ebola, na watu waliokuwa wanasubiri majibu ya vipimo wakatawanyika. Mimi kitendo kile sikitetei. Kilikuwa kituo cha kuokoa roho za watu wetu wenyewe.

Ninachokitetea ni kile cha Jumapili. Nchi nzima ilipokwenda kupiga kura, watu wa Beni nao walikwenda. Hakuna mashini, hakuna wino wa serikali, hakuna muhuri. Walijipangia foleni ndefu, wakanawa mikono kwa utaratibu wa siku za Ebola, wakapiga kura kwa karatasi walizojiandikia kwa kalamu, kisha zikahesabiwa mbele ya macho yao. Fayulu akaongoza. Kwa sheria ya nchi, kura ile haikuwa na uzito wa hata unyoya. Waandishi wa habari wa nje waliiita kura ya kuigiza, na neno hilo nalikubali lote. Ilikuwa mchezo. Mmoja alijivika nafsi ya msimamizi, mwingine ya karani, mwingine ya shahidi, na maelfu wakaigiza nafsi ambayo ilikuwa yao tangu mwanzo, ile ya mpiga kura.

Mzee, unajua michezo ya namna hii ina kanuni zake? Mwaka 1974 kule Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anachukua mhusika wake, yupo anayeongoza hadithi, na kete zinaamua mambo ambayo mdomo peke yake hauwezi kuyaamua. Kila aliyekaa pale anajua kanuni, na anaiona kete ikianguka. Mtu akificha kete chini ya meza, mchezo umekufa palepale. Sasa niambie, Desemba ile, ni meza ipi ambayo kete zilionekana? Tarehe 10 Januari 2019 tukatangaziwa: Félix Tshisekedi kura 7,051,013, Fayulu kura 6,366,732. CENI haikuchapisha matokeo ya rais ya kituo kimojakimoja ili raia akae ayajumlishe mwenyewe. Maaskofu Wakatoliki wa CENCO, waliokuwa na waangalizi takriban 40,000, wakasema matokeo hayo hayalingani na walichokusanya. Mahakama ya Katiba ikathibitisha, na tarehe 24 Januari rais akaapishwa. Sisi tukapiga kura tarehe 31 Machi, ya wabunge.

Toa namba ya pili kwenye ya kwanza. Tofauti ni kama 684,000. Walioachwa nje ni zaidi ya milioni 1.2. Sisemi sote tungekwenda kupiga kura, wala kwamba wote tungempigia mtu mmoja. Ninachosema ni kwamba pengo lilikuwa kubwa kuliko jibu. Ukilisoma jedwali la matokeo yale, Beni na Butembo hazionekani popote. Aliye mbali atadhani hatukuwa na neno. Hapo ndipo falsafa ya data inapofanya kazi yake, Papa, na ndiyo maana nataka uache kusonya. Sufuri ni kipimo: mtu alikwenda, akatazama, hakukuta kitu. Nafasi tupu ni habari nyingine kabisa: hakuna aliyetazama, au aliyetazama alikatazwa kuandika. Mwanafalsafa Sabina Leonelli anafundisha kwamba kitu huwa data pale mtu anapokichukua kama ushahidi wa dai fulani. Basi hata nafasi tupu ina aliyeiacha tupu, na ina dai inalolihudumia.

Njoo kwenye Ebola yenyewe, maana huko namba ziliingia hadi jikoni kwetu. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukaisha tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Kila jioni watu wa Riposti, kikosi cha kupambana na Ebola, walitoa jedwali: waliothibitishwa, wanaodhaniwa, waliogusana na mgonjwa. Mama alipofiwa na mwanawe nyumbani, na mtoto akazikwa kabla ya kipimo, mtoto huyo aliingia kwenye safu ya wanaodhaniwa. Safu hiyo ilikuwa ya lazima, daktari hawezi kuandika asichokipima. Lakini nani alimwendea mama yule akamweleza kwa nini mwanawe amekaa safu ile?

Septemba 2018 watafiti walihoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Kama robo yao walisema Ebola haipo. Namba hiyo ikazunguka dunia nzima, tukaitwa wakaidi. Namba ya pili ya utafiti uleule haikusafiri hivyo: waliosema wanaamini viongozi wa hapa wanatetea masilahi ya wananchi hawakufika theluthi. Soma zote mbili pamoja. Kisha, miezi mitatu baadaye, kura inakatwa kwa jina la ugonjwa uleule! Aliyekuwa akisema sokoni kwamba Ebola ni siasa, CENI ndiyo iliyompa ushahidi mkononi. Nasikitika kulisema, kwa sababu wakati ule wagonjwa walikuwa karibu 600, na wengi wa wale 3,470 walikuwa bado wazima.

Herufi nazo? Nilijua utauliza. Ile mashini ya kupigia kura, iliyotengenezwa Korea Kusini, CENI ilishikilia kwamba ni mashini ya kuchapa tu. Na sababu ya kuileta ilikuwa tatizo la ukurasa. Mwaka 2011 wagombea ubunge walipita 18,000 kwa viti 500, na mahali pengine karatasi ya kura ikawa na kurasa nyingi kama gazeti. Majina yote hayo yakae wapi, kwa ukubwa gani, ili bibi asiye na miwani amwone wake? Hilo ni swali la mpanga herufi. Donald Knuth, bingwa wa kompyuta wa Marekani, aliona prufu za kitabu chake mwaka 1977, akachukizwa na sura ya herufi, akatumia miaka akijenga programu yake ya TeX. Watu walimshangaa. Mimi namheshimu, kwa sababu alikataa msomaji apewe ukurasa uliopangwa ovyo. Karatasi za Beni ziliandikwa kwa mkono, na kila mtu aliweza kuzisoma.

Nchi yetu haijafanya sensa tangu 1984. Idadi yoyote ya wakazi wa Butembo unayosikia ni makadirio. Ndiyo maana nataka vijana wa Chuo Kikuu cha Graben hapa Butembo wafundishwe mambo haya: waulize nani alihesabu, wapi, na nani aliachwa. Waigize uchaguzi darasani, wabadilishane nafasi, wa CENI awe raia na raia awe wa CENI. Wapange jedwali lenyewe kwa mikono yao.

Na wasiishie kwetu. Desemba 2023 sisi tulipiga kura. Masisi na Rutshuru, katika mkoa huuhuu wa Kivu Kaskazini, hazikupiga kwa sababu ya vita, na Kwamouth kule Mai-Ndombe pia. Hapa kijiweni, Papa, ni wangapi tulisonya siku ile? Jedwali la matokeo ya Kivu Kaskazini lichapwe upya, na kwenye mistari ya Masisi na Rutshuru yaandikwe maneno kamili, kwa herufi kubwa sawa na za namba: hawakupigishwa kura.