Kiingilio ni Suruali

Mtumba, Dodoma, kuna mwamba usiomo kwenye ramani ya Mji wa Serikali, na sidhani kama kuna huduma nyingine hapa isiyodai namba ya kumbukumbu ya malipo. Watoto hupanda na dumu la mafuta ya kula la lita 20 lililopasuliwa katikati, wakakaa ndani, wakaserereka. Msimu wenyewe ni mvua za Januari, itale likiwa limelowa. Lifti hakuna: unayetaka kushuka tena, panda na dumu lako kichwani.

Wazungu hulipia kazi hii. Hununua skii, glovu na miwani, wakakata tiketi ya kuvutwa juu kwa waya, ndipo waanguke. Theluji hata sisi tunayo, Kilimanjaro, mita 5,895, ila nauli na ada za kuifikia zinatosha mahari. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda nazo skii huko wakashuka wakiteleza. Historia haisemi lolote kuhusu suruali zao.

Mimi nilihamia hapa na wizara mwaka 2019, nikitokea Dar, ambako kilima kirefu nilichokijua ni daraja la juu la Tazara. Jumamosi moja mvua ilipokatika nikaazima dumu.

“Shikamoo bosi. Lala chali!” mwenye dumu akanielekeza.

Mtumishi wa umma halali chali mbele ya watoto. Nikakaa wima kama niko kikaoni. Katikati ya mteremko dumu likanasa kwenye ufa, mimi sikunasa. Sehemu iliyobaki niliimaliza kwa kitambaa cha kadeti, na kitambaa kilipokwisha nikaendelea na nilichojaliwa na Mungu.

Mkenya Philip Boit alipomaliza wa mwisho mbio za skii za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, bingwa Bjørn Dæhlie alikuwa amebaki kumngoja, akamkumbatia. Mimi chini nilipokewa na mbuzi, naye hakuacha kutafuna.

Nilirudi nyumbani kinyumenyume, nikisalimia majirani kwa heshima isiyo ya kawaida. Jioni fundi cherehani akaigeuza suruali, akaingiza ngumi kwenye tundu, akauliza:

“Ulianzia juu kabisa au katikati?”

Kumbe ana bei mbili.