Reli ya Kusini: Tuhesabu Kutoka Sita Hadi Moja

Unayekatiza Mtaa wa Lindi hapa Kariakoo na karanga zako mkononi, simama kidogo. Karanga hizo ziliwahi kujengewa reli na bandari huko Kusini. Watu wa Mtwara, Lindi na Nachingwea mliojaa Dar, habari hii ni yenu. Wengine sogeeni, nafasi ipo.

6. Njaa ya mafuta. Vita Kuu ya Pili imekwisha, Waingereza bado wanakula kwa mgao, mafuta ya kupikia hayatoshi. Frank Samuel wa United Africa Company akatoa wazo: karanga zilimwe Tanganyika. London ikapanga eka zaidi ya milioni tatu kwa pauni milioni 25. Wauza jumla wa Kariakoo, mmesikia oda hiyo?

5. Vifaru shambani. Matrekta hayakutosha, basi vifaru aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Mibuyu na udongo mkavu wa shamba la Kongwa havikuogopa jina.

4. Nachingwea kubaya kufika. Kongwa na Urambo, maeneo mengine ya mradi huo wa karanga, zilikuwa na Reli ya Kati ya kuegemea, ile iliyoanza kujengwa kutoka hapa Dar mwaka 1905. Nachingwea haikuwa na kitu. Ikabidi reli yake ijengwe kuanzia sifuri.

3. Treni yaja, mzigo waondoka. Njia ilianzia Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, na mwaka 1949 ikawa imefika Nachingwea. Baadaye ikaungana na Mtwara, penye kina kirefu cha maji, na tawi likaenda Masasi. Lakini Januari 1951 London ilikuwa imeshatangaza kuuacha mradi, hasara kiasi cha pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ikakamilika mwaka 1954. Gati lipo, karanga hazipo!

2. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Muda mfupi baada ya Uhuru reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa, kwa kuwa haikujilipa. Haya, sawa, karanga zilishindwa. Na mikorosho je? Wakulima wa Kusini walikuwa wanaipanda kwa mikono yao, bila kifaru hata kimoja. Msimu wa 1973/74 Tanzania ikavuna korosho tani 145,000 hivi, nyingi za Kusini. Tani zote hizo, jamani, na hakuna behewa! Gunia likapanda lori, lori likazama kwenye mchanga, utingo akashuka na koleo. Reli ilipimwa kwa zao la mgeni, ikahukumiwa kwa zao la mgeni, na zao la mwenyeji halikuulizwa.

1. Miaka ya kusubiri. Bila reli, safari ya Dar kwenda Mtwara ilikuwa meli, au basi la kuomba Mungu. Masika Mto Rufiji ukijaa, kivuko kilikuwa kinasimama nanyi mnalala ng'ambo. Daraja la Mkapa juu ya mto huo likafunguliwa mwaka 2003, zaidi ya miaka 40 baada ya Uhuru. Sasa kuna mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga kufuata makaa ya mawe na chuma. Mabwana mipango, naomba sana: mkihesabu mzigo, anzeni na gunia la korosho la Nachingwea na Masasi. Lenyewe liko ghalani kila msimu, halisubiri mwekezaji.