Ithibati ya Kurejea

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, katika kifungu chake cha 214(b), humdhania kila mwombaji wa viza ya masomo kuwa ni mhamiaji hadi athibitishe kinyume chake. Hivyo kijana wa Mbagala, aliyekwisha kubaliwa na chuo, akalipa dola 350 za usajili na 185 za viza, huenda ubalozini Msasani kutoa ushahidi juu ya jambo ambalo halijatokea, yaani safari yake ya kurudi.

Baba mtu hufungua sanduku akatoa leseni ya makazi, hati wanayopewa wakazi wa mitaa isiyopimwa, nayo ina muhula wa miaka michache tu, juu ya ardhi ambayo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1999, ni ya umma na imo mikononi mwa Rais kwa amana. Ndiyo kusema mzee huyo, aliyezeekea Temeke, kwa karatasi yake ya muda humdhamini mwanawe kuwa hatakaa ugenini daima. Shangazi naye humzulia mchumba wa Kinondoni, ambaye mwenyewe hana habari.

Waaustralia waliliacha sharti la ukaaji wa muda mwezi Machi 2024, wakaridhika kumuuliza mwanafunzi kama kweli ni mwanafunzi. Insafu hiyo haijawasili Msasani, ambako afisa anayezipekua karatasi hizo yuko nchini kwa miaka michache tu, wala hakuna mjumbe wa nyumba kumi aliyepata kumdai ithibati kwamba atarejea kwao.